Mekatilili Angeketi Katika Kamati Gani?

Kila Agosti Malindi humkumbuka Mekatilili wa Menza. Wanawake hujifunga hando, ngoma za Kigiriama hupigwa, wazee wa kaya hufika na bakora zao, na viongozi husimama kumsifu kuwa shujaa wa ukombozi na mama wa amani kwa pumzi moja. Sifa hizo mbili hutamkwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mwanamke aliyewaambia watu wake wasilipe kodi, wasitoe vijana wao kwa kazi za wazungu na wasiwatii wazee walioteuliwa na serikali, leo jina lake linatajwa katika mikutano inayowaomba watu watulie.

Je, kazi ya amani inayofanywa sasa katika vijiji vya Kilifi imeurithi ule ukaidi wake wa 1913 usiokuwa na silaha, au imechukua jina tu? Nimeliweka swali hili mbele ya sauti tatu. Hizi si sauti za watu watatu mahsusi. Nimeziunda kutokana na hoja zinazobishaniwa siku zote kuanzia Mtwapa hadi Marereni, kwenye vibaraza, misikitini, makanisani na chini ya miembe. Mama ni mjumbe wa kamati ya amani upande wa Ganze, naye anaamini urithi upo na uko hai. Kijana ni mwanaharakati wa upande wa Uyombo, naye anaamini urithi umezikwa. Mzee ni wa kaya, na hakubali kuwekwa upande wowote.

MAMA: Mimi nitasema ninachokifanya, ya vitabuni nawaachia wenyewe. Kwetu Ganze mzee akiota mvi huanza kuogopa. Wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasiitwe wachawi. Mtoto akifa kwa homa, kidole kinamwendea babu. Pikipiki ikianguka, kidole kinamwendea babu. Na ukichunguza vizuri, nyuma ya kidole kuna shamba. Mzee amekataa kuuza, na vijana wamekwishapata mnunuzi. Basi tukisikia kwamba familia fulani imekwenda kwa mganga kutafuta mchawi, hatungoji. Tunakwenda jioni, wanawake wawili na mzee mmoja. Siku ya kwanza hatuendi na chifu, maana ukienda naye watakunyamazia. Naketi kwanza jikoni na wake za wale vijana, tunachambua mboga, kwa sababu wao ndio wanaojua nani alisema nini usiku. Kisha ndipo tunawafuata wanaume. Nawauliza swali moja: huyu mzee akifa leo, nani atauza shamba? Nyumba nzima inanyamaza. Jibu nimeshalipata. Usiku huohuo mzee tunamhamisha, akalale kwa dada yake, au hali ikiwa mbaya apelekwe Kaya Godhoma, kule walikotengewa makimbilio wazee wanaosingiziwa uchawi. Nani atasema hiyo si kazi ya Mekatilili?

KIJANA: Mama, shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu.

KIJANA: Kazi hiyo naiheshimu, na nisingeweza kuifanya mimi. Lakini nisaidie hapa. Mzee ambaye hakutenda kosa ndiye anayebeba mkeka wake na kuhama. Kijana aliyenoa panga anabaki shambani. Miezi sita baadaye shamba limeuzwa, mnunuzi amejenga ukuta, na mzee bado yuko Kaya Godhoma anakula uji wa msaada. Kwenye ripoti yenu mtaandika kwamba mgogoro umetatuliwa na hakuna damu iliyomwagika. Mimi nitaandika kwamba muuaji amepata alichokitaka bila kuua. Sisi watu wa pwani tunao ule msemo wa funika kombe mwanaharamu apite. Naogopa kamati za amani zimekuwa ndizo kifuniko.

MAMA: Mzee aliye hai anaweza kwenda mahakamani. Aliyezikwa hawezi. Usinidharau kwa hilo.

KIJANA: Sikudharau, mama. Nauliza: ni wangapi mliowahamisha ambao kamati iliwasindikiza hadi mahakamani?

Mama hakulijibu swali hilo papo hapo, na nadhani ni haki msomaji alijue. Atalirudia baadaye. Kwanza Mzee aliomba nafasi.

MZEE: Mnamtaja sana huyo mama, basi tumjue. Mwaka 1912 serikali ilimleta Arthur Champion kuwatawala Wagiriama. Ilitaka kodi ya nyumba. Ilitaka vijana wakafanye kazi katika mashamba makubwa ya pwani. Ilitaka watu waliokuwa wakilima ng'ambo ya mto Sabaki, kwenye ardhi nzuri, warudi kusini. Mekatilili hakuwa na cheo chochote. Alikuwa na kifudu, ngoma ya msiba, ambayo mwanamke angeweza kuicheza kijiji kwa kijiji bila kuomba kibali cha mtu. Watu walikuja kwa ngoma, wakabaki kwa maneno. Katikati ya 1913 walikusanyika Kaya Fungo, wanawake wakala kiapo chao cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi. Usimfanyie mzungu kazi, usimtii mzee wake. Champion akajikuta ana ofisi lakini hana watu. Akiita baraza, hawaji. Akitaka vibarua, hapati. Hakuna aliyemgusa hata unywele wake.

Oktoba ya mwaka huo wakamkamata, yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka magharibi kabisa, nchi ya Wakisii. Januari 1914 wakatoroka na kurudi kwa miguu. Fikirini umbali huo, na huyo alikuwa mwanamke mtu mzima. Mwanzoni mwa Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti, ikachoma milango na miti. Ndipo mishale ikatoka, na serikali ikajibu kwa bunduki. Watu zaidi ya mia moja wakafa, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, na tukatozwa faini ya rupia 100,000. Kwa hiyo mkisema Mekatilili, semeni mnamtaja wa mwaka gani. Wa 1913 alikataa kwa mikono mitupu. Vita vya 1914 vilianzishwa na baruti ya serikali.

KIJANA: Baba, na yule kuku? Sote tulisimuliwa tukiwa watoto: alimpelekea afisa kuku na vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja, na kuku akamdonoa. Akamwambia, ukichukua watoto wetu ndivyo utakavyofanywa. Kuku yule alidonoa. Hakuitisha kikao.

MZEE: Masimulizi yanasema pia kwamba afisa alimpiga kuku risasi. Hiyo sehemu nyinyi vijana mnaisahau haraka.

Hapa lazima niingilie, kwa sababu jibu hilo la Mzee limebeba zaidi ya linavyoonekana. Mwezi huohuo wa Oktoba 1913, Mekatilili alipokuwa akikamatwa, Mohandas Gandhi alikuwa Natal akiwahamasisha vibarua wa Kihindi wa migodi ya makaa waache kazi, na Novemba akawaongoza kwa maelfu kuvuka mpaka wa Transvaal. Gandhi huyo alikuwa amepita pwani yetu miaka 20 kabla. Mwaka 1893, akiwa wakili kijana asiyejulikana, meli yake ilitia nanga Lamu, akashuka kuiona bandari, na nusura aachwe kwa sababu mkondo wa maji uliwazuia kurudi melini. Hakuna ushahidi kwamba yeye na Mekatilili walipata kusikiana. Hata hivyo mwaka mmoja, katika bara moja, watu wawili waligundua jambo lilelile: serikali ya kigeni haiwezi kwenda bila mikono ya wale inaowatawala, na mikono hiyo inaweza kuondolewa. Gandhi alikuwa na magazeti, mawakili na marafiki London. Mekatilili alikuwa na ngoma ya msiba. Ndiyo maana mmoja amekuwa somo la vyuo vikuu duniani na mwingine anakumbukwa kwa hadithi ya kuku. Mimi nasema Mgiriama yule anastahili kusomwa kama mwalimu wa harakati zisizo za mabavu, na asifungiwe kwenye shamrashamra za utamaduni.

MAMA: Nakubali, ila msikipambe kiapo. Kiapo kilikuwa na vitisho ndani yake. Aliyekivunja aliambiwa atakufa. Mtu anayekataa kazi ya mzungu kwa sababu anaogopa kuuawa na fisi hajakataa kwa hiari yake. Na tazameni kiapo kilitufikisha wapi. Agosti 1997 vijana walikula kiapo Kaya Bombo, kule Kwale, wakakivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakachinja watu na kuwafukuza waliotoka bara. Ile nayo iliitwa kaya. Ile nayo iliitwa haki ya Mpwani.

MZEE: Hilo linaniuma, na sitalikimbia. Kaya ilichafuliwa. Wanasiasa waliokuwa wakiogopa kura za watu wa bara walikuja na pesa, na wako waliozipokea. Toka siku hiyo Mpwani akitamka neno kaya mbele ya afisa, afisa anasikia panga. Tumefanya kazi ya miaka kulisafisha jina hilo. Mwaka 2008 misitu ya kaya ikaingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia, na watalii wanakuja kupiga picha miti. Lakini miti si kaya. Kaya ni wazee kuketi na kusema hapana kwa pamoja, kisha kusimamia hiyo hapana bila kumwaga damu. Ukiniuliza kama kiapo cha 1913 kilikuwa na woga ndani yake, nitakwambia ndiyo. Watu hawakuwa malaika. Lakini mwaka mzima hakikuua mtu.

Sikubaliani na Mzee moja kwa moja. Harakati inayotegemea woga wa laana ina ufa tangu msingi, na ufa huo ndio waliopenyea watu wa 1997. Hoja ya Mama hapa ni nzito kuliko alivyoisema mwenyewe. Lakini tofauti kati ya matukio hayo mawili ni kubwa pia, nayo iko kwenye shabaha. Mwaka 1913 kiapo kilimwelekea mwenye mamlaka na kikamnyima utii. Mwaka 1997 kilimwelekea jirani muuza mboga.

KIJANA: Hiyo shabaha ndiyo hoja yangu. Mimi sina ugomvi na kikao. Nina ugomvi na mwelekeo wake. Kamati ya amani inaelekezwa kwetu kila siku. Sisi vijana ndio wa kutulizwa, ndio wenye hatari ya kuingizwa kwenye ugaidi, ndio tunaofundishwa uvumilivu. Nani anamtuliza aliyechukua ardhi? Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwapa watu wa pwani nafasi ya kudai ardhi kwa makaratasi, na Mmijikenda ambaye babu yake alilima bila karatasi akaamka mskwota. Tumekuwa maskwota kwa zaidi ya miaka mia. Watu wa Magarini waliondolewa kupisha mashamba ya chumvi. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikaja Malindi kuwasikiliza, ikaandika ripoti iliyosema wazi kwamba haki zao zimevunjwa. Ripoti ikaisha. Chumvi inaendelea kuvunwa.

Sasa niwaambie ya Uyombo. Serikali ilitaka kutuletea mtambo wa nyuklia, megawati 1,000, kando ya bahari tunayovulia, karibu na mkondo wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hatukuchoma gurudumu hata moja. Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Tulisoma ile karatasi ya mradi kwa Kiswahili na Kigiriama mpaka wavuvi wasiojua kusoma wakaweza kuuliza maswali kuliko maafisa. Tukapeleka malalamiko bungeni. Wenzetu wa Phyllis Omido, yule mama wa Owino Uhuru aliyeshtaki kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi Mombasa, wakatupa mawakili na uzoefu. Mei 2024 tukatoka kuandamana, na polisi wakatupiga, wazee na wanawake wakiwemo. Kamati ya amani ilikuwa wapi siku hiyo? Ilikuja kesho yake, kutuomba tutulie.

MAMA: Na mkatulia?

KIJANA: Tulikuwa tumetulia tangu mwanzo, mama! Hilo ndilo linalonichoma. Tuliopigwa ndio tulioombwa amani. Na mwaka 2025 serikali ikaanza kuzungumza na watu wa Siaya badala yetu. Sisemi tumeshinda, maana watu wa Siaya nao ni watu. Nasema hapana yetu ilisikika kwa sababu hatukupiga mtu. Laiti mmoja wetu angerusha jiwe, tungeitwa wahalifu na mtambo ungekuwa umeshawekwa jiwe la msingi.

MZEE: Sasa umeanza kuzungumza kama Mekatilili wa 1913.

MAMA: Mwanangu, nakuamini. Lakini wewe unajua mwenye kosa ni nani. Uyombo mlikuwa kijiji kizima upande mmoja na serikali upande wa pili. Mimi nafanya kazi mahali ambapo mwenye kosa na aliyekosewa wanakunywa maji ya kisima kimoja. Agosti 2012, pale Riketa katika delta ya Tana, watu 52 waliuawa alfajiri moja, wengi wanawake na watoto. Wapokomo na Waorma wamekaa pamoja vizazi na vizazi, wakigombania maji na malisho na kupatana, kugombania na kupatana. Mwaka ule wakalipizana kisasi kijiji kwa kijiji mpaka Januari. Majeruhi waliletwa hospitali ya Malindi. Niliwaona akina mama wa pande zote mbili wamelazwa wodi moja, mmoja hataki kumtazama mwenzake, na wauguzi hawajui vitanda wavipange vipi. Kule usingeweza kwenda na bango. Kule ilibidi mtu akae usiku na mchana katikati ya watu wenye mapanga, awaambie kila upande ukweli usioupenda. Mekatilili hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Adui yake alitoka ng'ambo.

Hoja hii sikuitarajia, na sidhani kuna aliyeijibu ipasavyo katika mjadala wetu wa pwani. Tumezoea kuitazama harakati isiyo ya mabavu kama kitu cha kumkabili mtawala. Mama anatukumbusha kwamba Kenya inayo mila ya pili ya namna hiyo, nayo haikutoka Malindi. Ilitoka Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wasomali wa Kenya zilipokuwa zikiuana huko, kundi la wanawake lilianza na jambo dogo: kuhakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua sokoni bila kuguswa. Miongoni mwao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuja baadaye kuishi Mombasa na kufundisha wengi katika pwani hii kabla ya kufariki 2011 baada ya ajali ya gari. Kutoka soko lile zikazaliwa kamati za amani za wilaya ambazo serikali ilizieneza nchi nzima. Kamati ya Mama ni mjukuu wa soko la Wajir. Hilo ni jambo la kujivunia, wala halihitaji kuvikwa hando la Mekatilili ili lipate heshima.

Lakini akina mama wa Wajir hawakuishia kuwatuliza watu. Waliwafuata wazee wa koo, wabunge na makamanda wa usalama, wakawaambia usoni kwamba wao ni sehemu ya tatizo. Kamati zilipoingizwa ndani ya serikali, zikakaa chini ya kamishna na kugharamiwa na wafadhili, sehemu hiyo ndiyo iliyodondoka kwanza.

KIJANA: Sema na posho, usiogope.

MAMA: Nitaisema mwenyewe. Ndiyo, tunalipwa nauli ya kikao. Mara nyingine kuna hoteli, kuna fulana, kuna bango lenye nembo. Shirika linataka orodha ya waliohudhuria, picha, na idadi ya migogoro iliyotatuliwa. Mgogoro wa ardhi unachukua miaka 15. Mradi unachukua miezi 18. Basi tunachagua migogoro inayotoshea. Mume na mke, mpaka wa mbuzi, vijana wa bodaboda na wa tuktuk. Ya ardhi tunayapeleka "mamlaka husika". Najua ninachokisema.

KIJANA: Na mamlaka husika ndiyo iliyotoa hati.

MAMA: Ndiyo. Na uliniuliza ni wazee wangapi tuliowasindikiza mahakamani. Ni wachache sana. Wakati mwingine kwa sababu hatuna nauli ya kwenda Malindi kila kesi inapoahirishwa. Wakati mwingine kwa sababu mnunuzi wa shamba ni mtu tunayemwogopa. Nimesema.

Palikuwa na ukimya baada ya maneno hayo, na ukimya huo ukamleta Mzee kwenye jambo ambalo kila mtu wa Malindi hulifikia mwisho wa mazungumzo yoyote juu ya amani.

MZEE: Mnaongea juu ya kutulia. Kule msitu wa Shakahola palikuwa pametulia. Hapakuwa na mapigano, hapakuwa na maandamano, hapakuwa na kelele. Mhubiri Paul Mackenzie alishawahi kushtakiwa Malindi tangu 2017 kwa mafundisho yake na watoto waliotolewa shule. Machi 2023 akakamatwa kwa vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata tukaanza kufukua. Zaidi ya miili 400, mingi ya watoto, waliokufa njaa msituni wakisubiri kukutana na Yesu. Kamati ya Seneti ilichunguza na kusema vyombo vya sheria vilizembea. Mimi nasema na sisi tulizembea. Viongozi wa dini, wazee, kamati. Tuliona ni mambo ya kanisa la mtu. Tulidhani mahali pasipo na ugomvi pana amani.

KIJANA: Waliopiga kelele walikuwa ndugu waliokuwa wakiwatafuta watu wao.

MZEE: Na walionekana wasumbufu.

Kwangu mimi Shakahola inamaliza sehemu moja ya mjadala. Baada ya makaburi yale, hakuna kamati ya amani katika kaunti ya Kilifi inayoweza tena kupima kazi yake kwa utulivu wa kijiji. Wasumbufu wale walikuwa wakifanya kazi ya amani kuliko sisi tuliowaona wasumbufu. Lakini Shakahola haimpi Kijana ushindi wote. Jaribuni kufikiria maandamano gani yangewatoa watoto wale msituni. Wangetolewa na mtu wa aina ya Mama, anayeketi jikoni, anayeuliza kwa nini watoto wa nyumba fulani hawaonekani tena, na ambaye akipata jibu la mashaka anakwenda polisi leo, kesho na keshokutwa, na akipuuzwa anawaita watu wa Uyombo wenye mabango yao waje wasimame naye nje ya kituo. Kazi hizo mbili zinahitajiana, na kwa sasa zinafanywa na watu wasioalikana.

MAMA: Tatizo letu nao ni moja. Vijana wakiitisha maandamano, afisa ananipigia simu mimi kwanza, anataka niwazuie.

KIJANA: Na mama anatupigia.

MAMA: Nilikuwa nikipiga. Sasa nataka kujua, nikikataa kupiga, nyinyi mtanihakikishia nini? Wakati ule wa "Pwani si Kenya", Mahakama Kuu iliondoa marufuku dhidi ya vuguvugu la Mombasa Republican Council (MRC) mwaka 2012, wakasema wao hawana silaha. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 2013 polisi wakauawa, hata hapa Chumani. MRC walikana kuhusika. Wakane wasikane, kijiji ndicho kilichosakwa. Wanawake ndio waliojificha porini. Kila harakati ina watu wanaoingia usiku. Nani kwenu anawazuia?

KIJANA: Uyombo tulikuwa na kina mama mstari wa mbele na wa nyuma. Aliyekuja na rungu alirudishwa nyumbani na shangazi yake. Lakini ni kweli, mama, hatuna utaratibu huo kila mahali. Juni 2024, vijana walipotoka nchi nzima kupinga mswada wa fedha, kuna miji ambapo tulitoka asubuhi tukiwa na bendera na chupa za maji, na jioni maduka yalikuwa yamevunjwa na watu tusiowajua. Tunahitaji watu mnaowaheshimu wote wawe ndani yetu. Siwataki waje kutuzuia. Nataka watembee nasi.

MZEE: Basi kumbe mnatafutana.

Nitoe uamuzi wangu, maana mjadala usiokuwa na uamuzi ni wa kupoteza wakati wa msomaji. Kamati za amani za Kilifi zimemrithi Mekatilili nusu. Zimerithi miguu yake: kwenda nyumba kwa nyumba, kuanza na wanawake, kutumia shughuli za kawaida za kijiji kubeba maneno mazito. Katika hilo Kijana alikosea kumwita Mama kifuniko. Hazijarithi kukataa kwake. Kamati inayoweza kumwambia kijana "acha panga" lakini haiwezi kumwambia mnunuzi "acha shamba" inatumikia upande mmoja, hata kama wajumbe wake wana nia safi, na Mama ana nia safi.

Linalopaswa kufanyika si kubwa kiasi hicho. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na Sheria ya Utaratibu wa Umma (Public Order Act) inataka tu polisi wapewe notisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Hakuna kifungu kinachomzuia mjumbe wa kamati ya amani kutia saini notisi hiyo. Kamati ikiitia saini, ikateua kina mama wa kutembea mstari wa mbele na wa nyuma kama walivyofanya Uyombo, polisi watapata taabu zaidi ya kuuita umati ule kundi la wahalifu, na mwenye rungu atajua kuna shangazi yake ndani. Katiba hiyohiyo inatambua utatuzi wa migogoro wa kimila, kwa hiyo wazee wa kaya wana nafasi ya kusikiliza kesi za kuwasingizia wazee uchawi, mradi hukumu yao isiishie kumhamisha aliyeonewa.

Mekatilili aliporudi kwao mwaka 1919 baada ya kukamatwa tena na kuhamishwa kwa mara ya pili, Wagiriama walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kulima tena ng'ambo ya Sabaki. Serikali ilikuwa na bunduki, ilikuwa imewatoza faini, na bado ilishindwa kuwaondoa kabisa kwenye ardhi ile. Alikufa mwaka 1924, akazikwa Bungale, huko Magarini, katika nchi ambayo watu wake hadi leo wengi wanaitwa maskwota.

Ndugu msomaji wa Kilifi, kamati ya amani ya kwenu itakapoitisha kikao kijacho, nenda, hata kama hukualikwa na hakuna nauli utakayolipwa. Uliza shamba la mzee aliyehamishwa limeandikishwa sasa kwa jina la nani, na usiondoke mpaka jibu limeandikwa katika kumbukumbu za kikao.